Matandazo ya Miwa Sebuleni kwa Karmena

Jumatatu, 3 Juni

Karmena Zammit, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, amenikabidhi ufunguo. Anakwenda Townsville kwa binti yake mpaka Jumapili, na mimea yake ya sebuleni inahitaji mtu. Amenichagua mimi. Si Neville Crouch wa ghorofa ya juu, mwenye mti wa mpira unaogusa dari na asiyechoka kuusimulia. Mimi, Alban Pratley.

Maelekezo yake: kangaga lipewe maji kidogo kila siku, bila kukosa. Yungiyungi likilegea tu. Na lile ua la zambarau, majani yake yasiguswe na maji kabisa. Ua hilo lilitokana na jani la ua la marehemu mama yake, enzi wanalima miwa kule Walkerston. Shamba limeuzwa. Ua limebaki.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimefanya kazi kiwanda cha sukari maisha yangu yote. Sijui hilo linahusiana vipi na maua. Lilinitoka tu, tena kwa uzito.

Mpango: si kumwagilia tu. Arudi akute mimea imenona kuliko mpira wa Neville.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaza. Kumwagilia kila siku ni kazi ya mtu asiyetumia akili. Huku mashambani wakishavuna, majani makavu ya miwa hutandazwa juu ya udongo, na udongo haukauki. Kwa nini isiwe hivyo chunguni?

Binamu yangu Roylance ameshaanza kuvuna. Nimerudi na gunia zima. Akaniuliza nimepata shamba lini. Nikamwambia atasikia.

Nimevitandazia vyungu vyote, unene wa ngumi. Nimeyasukuma majani mpaka shinani na kuyashindilia taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Halafu maji ya kutosha wiki nzima, kwa mkupuo. Sebule ikanukia mavuno. Nikakaa kidogo kwenye kiti cha Karmena, nikajisikia mwenye nyumba. Kisha nikaona haya, nikarudi kwangu.

Alhamisi, 6 Juni

Jana sikuandika, nilikuwa mtoni navua. Hiyo ndiyo faida ya matandazo. Samaki sikupata.

Leo nimefungua mlango: visubi! Wingu zima. Kimoja kimejitumbukiza kwenye chai yangu. Juu ya kangaga kuna ukungu mweupe kama pamba. Nimeamua ni dalili ya rutuba.

Nimekutana na Neville kwenye ngazi. Akasema aliniona nikipandisha gunia la majani, je, siku hizi tunafuga ng'ombe? Nikamjibu kwamba ni ya kufunikia vyungu, na kwamba kuna watu wanaojua kilimo na kuna watu wanaojua kupangusa majani ya mpira kwa maziwa. Akatabasamu. Akasema ndani hakuna jua wala upepo wa kukausha kitu, yeye asingefunika chungu namna ile hata kwa kubembelezwa. Wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Juni

Uyoga. Wa manjano, chini ya yungiyungi. Kusema kweli unapendeza.

Dawa ya visubi: feni. Nimeleta yangu, nikaielekeza kwenye vyungu. Kilichopeperuka ni majani ya miwa. Kwenye kochi, kwenye zulia, mpaka kwenye fremu ya picha ya harusi ukutani. Visubi vimehamia jikoni tu.

Nimefagia mpaka mchana. Picha nimeifuta kwa mkono wa shati. Karmena kijana anacheka. Mumewe, Mungu amrehemu, kasimama wima kama anasubiri treni. Nilimtazama kwa muda. Na mimi nilisimama hivyo hivyo siku ya harusi yangu na Maureen. Kumbe mtu anaweza kuwa na furaha na isionekane hata kidogo. Sijui kama niliwahi kumwambia. Nadhani nilikusudia.

Jumamosi, 8 Juni

Ua la zambarau limelala. Nimefukua matandazo: shina limeoza, laini kama ndizi iliyopitiliza. Nikakaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote.

Baadaye ukaja. Nikaenda dukani kutafuta ua la namna ile. Yapo meupe na ya waridi tu. Nikachukua la waridi. Huenda macho ya Karmena yatakuwa yamechoka na safari.

Neville alinikuta nalo mlangoni. Akalitazama, akanitazama. Akapanda zake ngazi. Ingekuwa nafuu angesema neno.

Jumapili, 9 Juni

Karmena amerudi, na kikapu cha vikate vya jibini kutoka kwa binti yake. Alisimama sebuleni, mkono mmoja unafukuza visubi. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mwanga wa Juni na jinsi unavyobadilisha rangi za maua.

"Alban," akasema, "hili si langu."

Nikamweleza yote. Gunia, ndoo, feni. Nilipofika kwenye feni akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Lakini alipoliona ua lenyewe, ndani ya ndoo nilimolificha, aliacha kucheka. Alipiga magoti, akalipekua polepole, akapata majani mawili mazima. Akayakata kwa kisu cha jikoni, akayachomeka kwenye vikombe viwili vya udongo. Mimi sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Mwishowe akasema, "Hivi wewe bwana, ulidhani nilikupa ufunguo kwa ajili ya maua? Maua yanakaa wiki bila mtu. Yale maji ya kila siku niliyatunga mimi."

Nikamuuliza ayatunge kwa nini.

"Ili utoke humo ndani mwako. Tangu Pasaka sijakusikia ukiongea na mtu ila redio. Siku nyingine ubishe hodi tu, Alban. Si lazima uwe na shida."

Akanipa kikombe kimoja nikalee jani mwenyewe. Maji kidogo, udongo wazi, nisilifunike na kitu. Nikaapa. Tukala vikate. Nilikaa mpaka jioni, na sikumbuki tuliongea nini, ila tuliongea.

Jumanne, 11 Juni

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa matandazo. Kosa lilikuwa miwa. Majani ya miwa ni mazito mno kwa kazi ya ndani. Dukani wanauza magome ya msonobari yaliyosagwa, mepesi, safi, hata harufu yake ni ya heshima. Nimeweka kidogo tu juu ya kikombe. Unene wa kidole. Labda viwili.

Leo nilitaka kwenda kubisha hodi kwa Karmena. Nilivaa shati safi, nikafika mpaka mlangoni. Nikasikia anaimba jikoni. Nikarudi. Mtu hawezi kubisha hodi hivi hivi, mikono mitupu, ataanzia wapi?

Lakini jani likianza kulegea, nitalipeleka alitazame. Hapo nitakuwa na la kusema.

Nimelimwagilia glasi nzima.