Rangi ya Bure ya Mfereji

Jumatatu, 3 Machi
Mfereji nyuma ya duka umeamka bluu. Kiwanda cha vitambaa kimefungulia tena bomba lake. Majirani wanalalamika kwamba mtoni samaki wanaelea matumbo juu. Mimi naona rangi, tena ya bure. Fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, yule Madoido, ametundika magauni ya bluu na wateja wangu wote wamehamia kwake. Atanikoma.

Jumanne, 4 Machi
Nimechovya shuka kuukuu mferejini. Limetoka bluu ya kupendeza. Mke wangu kauliza mbona najikuna mikono. Nikamwambia ni bidii. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kaja kuchukua gauni alilotaka nilitie rangi, la kuvaa kwenye harusi ya binti yake mdogo. Kalipenda mno. Kasema leo ndiyo kaelewa kwa nini mke wangu alinikubali. Nimepita mbele ya duka la Madoido mara kadhaa, bila shughuli yoyote.

Jumapili, 9 Machi
Jana harusini joto lilikuwa kali. Mama mkwe katoka jasho, rangi ikahama gauni ikamwingia yeye: shingo, mikono, mpaka shavu la bwana harusi aliyemkumbatia. Kisha vipele. Daktari kauliza nguo ilitiwa nini. Ikabidi niseme.

"Mwanangu," mama mkwe kasema taratibu, "umenivika taka za kiwanda?"

Afadhali angenizaba kofi.

Jumatano, 12 Machi
Mama mkwe kaenda kiwandani, mtaa mzima nyuma yake. Kakunja mikono ya blauzi, kamnyooshea meneja mkono wa bluu wasalimiane. Meneja karudi nyuma.

"Unaogopa kunigusa mimi," kamwambia, "na wajukuu zangu wanaoga mferejini humo?"

Jioni bomba likazibwa. Watu wakambeba mama mkwe juu juu. Mimi nikabeba mkoba wake, nimejaa fahari na aibu kwa pamoja. Hata Madoido kanipa mkono, kisha akakagua kiganja chake.

Ijumaa, 14 Machi
Mke wangu kaniapisha nisichovye tena hata uzi mferejini. Nimeapa kwa moyo mmoja. Rangi basi.

Mchana nimepita mfereji wa juu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mapovu yamefika magotini, meupe, yananukia vizuri, na hakuna anayeyatumia. Nimempelekea mama mkwe ujumbe: alete mapazia yake yote, nimefungua udobi.