Dubwana la Kijapani na Kiti cha Baba

Jamani, leo aibu imenipata, na imenipata nyumbani kwetu Buruburu, mchana, mbele ya mgeni kutoka Japani. Nimekimbia hadi saiba, kwenye intaneti ya kulipia, niwaandikie wote mara moja, mliobaki Nairobi na mlioenda ng'ambo, kabla hamjasikia kwa Mama Nafula, jirani yetu. Akishaanza yeye, mtaambiwa nilizimia. Sikuzimia!

Mnakumbuka ile kazi niliyowaambia. Vile vijidubwana vya katuni vya Kijapani, ambavyo watoto wa Amerika na Ulaya wanavililia, wenyewe sasa wanataka kuvileta huku kwetu. Swali lilikuwa moja: vije na Kiingereza chao, au vifundishwe Kiswahili? Mimi nikapewa kipande kimoja cha majaribio. Nikakitafsiri, nikatia sauti zote mwenyewe kwenye kanda (hata ya upepo). Kampuni ikamtuma Bwana Sato aje kuisikiliza, si ofisini, bali katika nyumba ya kawaida yenye mtoto wa kawaida. Akipenda, nina kazi ya maana kwa mara ya kwanza maishani. Asipopenda, narudi kutangaza sabuni ya unga juu ya gari lenye vipaza sauti.

Kipande chenyewe ni kifupi. Dubwana moja nono limelala pangoni miaka mia. Linaamka, linatoka likiwa na hasira. Nilijitahidi sauti yake ingurume. (Ilitoka kama ya kuku aliyekanyagwa. Lakini nilijitahidi.)

Sasa, kwetu ni kwa Mama. Baba alikuwa dereva wa serikali, na mwaka huu tulimzika Machakos. Kiti chake bado kiko sebuleni, kando ya dirisha, kimefunikwa kitambaa cheupe alichofuma Mama. Hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza pia. Ila jioni nyingine springi zake hulia zenyewe, kriii, kama mtu anayejiweka sawa, na sisi hujifanya tunatazama televisheni.

Bwana Sato alifika wakati mbaya. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa, na mchana ulikuwa umeingia giza la ajabu, lile la kufanya kuku walale mapema. Akavua viatu mlangoni. Akainama, akasalimia kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Shikamoo, Mama."

Mama akaniangalia. Buruburu hii, nani humwamkia mtu shikamoo? "Mzuri," akajibu. (Ole wako umcheke Mama yangu. Nicheke mimi.)

Kisha mgeni akatembea, akayapita makochi mawili matupu, akaketi kwa kiti cha Baba.

Springi zikalia. Mama Nafula, aliyekuja kutusaidia kukaanga mandazi (na kumwona Mjapani), akajishika mdomo. Mama akanivuta jikoni kwa kiwiko.

"Mwende, huyo mtu amekaa wapi?"

"Mama, tafadhali. Hii ni kazi yangu."

"Sijauliza kazi. Nauliza amekaa wapi."

"Nikimwinua atajisikia vibaya. Mama, ni dakika kidogo tu."

Mama aliniachia kiwiko. Alirudi sebuleni, akachukua ungo wake wa mchele, akaketi akikipa kile kiti mgongo. Moyo wangu uliniambia nimekosea. Nikauambia moyo unyamaze, tuna mgeni.

Hapo ndipo stima ikapotea. Si mnajua mgao wa siku hizi. Friji ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. Redio za majirani zikakatika zote pamoja. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia kucha za Mama zikichambua mchele.

Mpwa wangu Mumbua, wa miaka saba, alikuwa chumbani kwa Mama na redio kaseti, akingoja kuitwa. Nikapaza sauti: "Mumbua! Tia betri! Lakini usiwashe mpaka nikuite!"

"Sawa, aunty!"

Nikaenda jikoni, nikamimina chai, nikatoka na sinia. Nilikuwa katikati ya sebule niliposikia kitu.

Kilitoka chumbani kwa Mama. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa sakafuni. Pole... pole... Kikasimama.

Kisha nyayo. Viatu vizito. Mguu mmoja, kimya, mguu mwingine. Mgongo wangu ukaingia baridi, kwa sababu, haki ya Mungu, vile viatu nilivijua. Nilivisikia kila jioni ya utoto wangu vikipanda ngazi ya mlangoni.

Kisha kikohozi. "Khhhmmm."

Ukoo wetu wote unakijua kile kikohozi. Kilikuwa kinatangulia kabla mwenyewe hajaingia, ili aliye na kosa apate nafasi ya kulificha. Bwana Sato akageuza shingo. Mama Nafula akaacha kutafuna. Na sauti ikatoka nyuma ya ule mlango, nzito, iliyochoka, sauti ya mwanamume aliyeendesha gari siku nzima kwenye vumbi:

"Naaani... amekaaalia... kiti changu?"

Mama hakugeuka. Vidole vyake havikuacha mchele. Akajibu kwa sauti ya kila siku, ileile niliyokua nikiisikia:

"Umechelewa leo. Chai iko kwa thamosi."

Jamani! Ile sauti iliniogopesha. Lile jibu ndilo lililonimaliza.

Sinia likaniponyoka. Mama Nafula akapiga ukelele, "Shindweee! Katika jina la Yesu!" akatokea mlango wa jikoni na sufuria nzima ya mandazi. (Hadi ninapoandika, hayajarudi.) Na mimi? Mimi niliyesoma, niliyepanda jukwaani mbele ya mamia ya watu? Nilimrukia Bwana Sato nikamkamata tai.

"Toka! Toka kwa kiti cha Baba! Baba, si mimi! Ni Mjapani!"

(Ndiyo. Nilimchongea. Nilimtaja hadi na taifa.)

Nikavuta. Yeye naye, maskini, akainuka kwa heshima huku akikabwa. Tukateleza kwenye chai, tukaanguka wote, mimi juu yake, miwani yake ikaenda chini ya kabati. Ungedhani yameishia hapo. Hapana. Nilitambaa nikajificha nyuma ya kochi, nikamwacha mgeni wa watu chali sakafuni, miguu kuelekea ule mlango, kama sadaka.

Mlango ukafunguka. Polepole.

Akatoka Mumbua, amekumbatia redio kaseti.

"Aunty, mbona dubwana yako imechoka hivi?"

Mvua ikaanza kugonga paa. Nilitoka nyuma ya kochi kwa magoti.

"Mumbua. Umetia betri gani?"

"Zile za kwa dirisha. Nilikuwa najaribu tu kama zinafanya."

Betri za dirishani! Mama hatupi betri. Zikiisha nguvu huzianika juani ziamke kidogo, zisukume siku mbili tatu. Leo jua halikuwepo. Zilikuwa na nguvu ya kuzungusha kanda tu, tena kwa kuburura, na kila sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Kule kuburutwa kulikuwa ni stuli yetu ya jikoni. Ndiyo niliyoiburuta iwe sauti ya pango kufunguka. Nyayo zilikuwa viatu vya kazi vya Baba kweli, maana nyumbani hakuna vingine vizito, na nilivivaa mikononi nikavigonga sakafuni nikirekodi. Kikohozi kilikuwa mimi nikisafisha koo kabla ya kunguruma. Na maneno? Kwenye katuni, dubwana linauliza nani yuko juu ya jiwe lake. Nikaona jiwe halina ladha. Nikatafuta maneno ya mwenye nyumba anayerudi kwake akakuta pamekaliwa, na yakaja yenyewe, haraka sana. Nikajisifu kwamba nina kipaji. Sikujiuliza niliyasikia wapi.

Na sauti ilikuwa yangu. Ile ya kuku. Ukiipunguza mwendo, inakuwa Baba.

Tukatia betri mpya. Kuku akalia, Mumbua akacheka. Bwana Sato alikuwa ameshapata miwani, suruali yake inachuruzika chai, tai imebaki fundo dogo gumu kooni. Akaniambia kwa upole: "Naomba zile za zamani tena."

Tukazirudisha. Wote wanne tukasimama katika lile giza, tukisikiliza. Stuli. Viatu. Kikohozi. "Naaani... amekaaa..." Kisha kanda ikasimama, na betri zikafa kabisa. Mama alikuwa ameushikilia ungo kifuani, mchele unamwagika na yeye hajui. Hapo nikaona aibu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwamba nimemletea mumewe mlangoni kisha nimemwondoa.

"Hii ndiyo sauti," akasema Bwana Sato. "Studio inaweza kupunguza mwendo. Lakini si yako peke yako. Lazima niombe ruhusa." Akamgeukia Mama. "Mama, tunaweza kuitumia?"

Mama akaushusha ungo. "Watoto wa watu watamsikia?"

"Wengi, Mama. Hapa, Tanzania, Uganda."

"Na huyo aliyekalia kiti chake kwa hiyo katuni, huwa anainuka?"

Bwana Sato akaniangalia. Nikaangalia zulia. Haki ni haki: hainuki. Kuna vita, dubwana linashindwa, linarudishwa pangoni.

"Hainuki, Mama," akakiri.

"Basi hapana. Ainuke kwanza. Aseme pole. Hapo ndipo mtamtumia."

"Mama!" nikasema. "Hiyo hadithi iko tayari! Imeshaonyeshwa dunia nzima!"

"Dunia nzima haikuwa na mzee wangu ndani," Mama akasema, akaanza kuokota mchele.

Bwana Sato hakucheka. Akatoa kalamu, akaandika. Akasema yeye hana uwezo wa kubadilisha hadithi, lakini atauliza Tokyo. Kwa hiyo hali yangu ya kazi kufikia saa hii ndiyo hiyo, marafiki: wakubwa wa Tokyo watakaa kikao waamue kama mtu atampisha Baba kiti.

Mlangoni akavaa viatu vyake. Nikadhani anamuaga Mama. Lakini alikitazama kile kiti, kitambaa chake kimekunjamana upande mmoja, akainama chini kuliko alivyoinama alipoingia.

"Shikamoo, Baba."

Mimi, sitawaficha, nilikuwa nangoja.

"Marahaba," akajibu Mama, kwa niaba ya mwenyewe.

Nilipotoka kuja huku, alikuwa amesimama dirishani, akizipanga zile betri zilizokufa, moja moja, na nje mvua inanyesha. Nikamwambia leo hakuna jua. Akaniambia litakuja tu, yeye hana haraka.

Haya, kama ni lazima mcheke, chekeni. Ila mkija kwetu mcheke mkiwa mmesimama. Kile kiti kina mwenyewe.