Upanga Kwenye Jukwaa la Maziwa

Jumatatu, 10 Juni

Mvua asubuhi. Uji umepoa kabla haujafika mezani. Lakini habari ni kubwa: shamba letu litapewa jina!

Majira ya baridi yaliyopita Jonna, binti anayetutafutia shughuli sisi wakazi wa nyumba hii ya wazee, alileta mchezo wa video wa kulima, akauunganisha na runinga ya ukumbini. Nilicheka sana. Mtu aliyekamua ng'ombe wa kweli akalime kwa vidole gumba! Wiki iliyofuata nilikuwa nimepanda viazi kando ya kijito na kununua ng'ombe mwekundu. Nimemwita Heluna. Sijakosa siku tangu hapo.

Leo Jonna ametangaza shindano. Chini ya shamba kuna mapango, ghorofa chini ya ghorofa, na ghorofa ya mwisho kuna jiwe la buluu. Atakayelipandisha kabla ya mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, ndiye atakayeandika jina juu ya lango.

Jina ninalo, na nimelitangaza ukumbini. Hanhiniemi. Rasi ya mabata bukini, kwetu Karelia, upande wa pili wa mpaka. Tuliondoka vita vilipotufikia, Juni kama hii, nikiwa na miaka sita. Ramani za leo hazina jina hilo. Nimezitafuta zote maktaba. Rasi ipo. Jina ndilo halipo.

Mpinzani ni Kerttu Yli-Rantala, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo, mtu wa Pohjanmaa, na kule watoto huzaliwa wakijisifu. Amesema shamba litaitwa Kerttula. Amenishauri nibaki juu na ng'ombe wangu, maana mapangoni hakuna kiti cha kusomea.

Tutaona!

Jumanne, 11 Juni

Siku nzima kuchagua silaha. Bandani kuna nyundo ya vita, kisu kifupi, mkuki, manati na mundu wa kukatia majani. Jonna aliniambia nibonyeze tu nijaribu. Nikamjibu kwamba watu wameandika juu ya silaha kwa karne nyingi, na mimi nimewasoma. Mwenye akili huchagua silaha kwa kufikiri, hachagui kama soksi.

Nimechagua nyundo. Nzito, ya heshima. Nimeongeza ngao na kofia ya chuma yenye pembe.

Kerttu amechukua kisu na buti nyepesi. Alipita nyuma ya kiti changu akauliza kama nakwenda vitani au nakwenda kupigilia misumari.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeshuka.

Sijui niandikeje. Ngazi iliishia gizani, kisha giza likafunguka. Dari yote ya pango ilikuwa ya vioo vya mawe, na kila kioo kilikuwa na mwanga wake, mdogo, unaopumua. Chini yake ziwa lisilo na upepo, na mianga yote ikaonekana tena majini. Miaka yote ya utoto nilitembea juu ya udongo, nikaupalilia, nikauchimba, na sikuwahi kuwaza kwamba chini ya viazi huenda kuna mbingu nyingine. Nilivua kofia. Hapa ukumbini, mbele ya runinga, mbele ya watu. Nimevua kofia.

Wakati nimeivua popo waliniuma.

Nyundo ni silaha nzuri dhidi ya adui anayesubiri. Popo hawasubiri. Ninyanyuapo mara moja, wao wameuma mara tatu. Nikazimia, nikaamka langoni nikiwa sina ngao. Heluna alikuwa akinitazama.

Kerttu alifika ghorofa mbili zaidi yangu. Lazima niwe mkweli: ni ajabu kumtazama. Mwili wake wa kweli unashuka ngazi kwa mkongojo, lakini yule mtu wake mdogo kwenye kioo cha runinga anaruka na kugeuka hewani kama samaki mtoni. Niliacha kinywa wazi. Akaniona, akaniambia nifunge, popo wataingia.

Jumamosi, 15 Juni

Maafa. Kerttu amepata upanga.

Ulikuwa nyuma ya maporomoko ya maji, ghorofa za chini. Alipouchomoa ukumbi wote uling'aa, kuta, mapazia, uso wa Jonna. Upanga mweupe, na mwanga unateremka kwenye makali yake polepole kama maziwa kwenye ukingo wa ndoo.

Kwa upanga huo kesho anafika chini. Kerttula!

Lakini Kerttu ana kasoro moja: hulala mapema. Ameuweka upanga bandani akaenda zake chumbani. Nikabaki peke yangu na rimoti. Sikuiba, na hili naliandika kwa makini. Nimeuhamisha tu. Langoni pa shamba kuna jukwaa la mbao la kuwekea madumu ya maziwa, kama lile la kwetu, kama la kila njiapanda ya nchi hii nilipokuwa kijana. Juu ya jukwaa la maziwa watu waliacha barua, funguo, vifurushi, mara moja hata mtoto mchanga kwa dakika chache, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Ndipo mahali salama kuliko benki. Kesho Kerttu atahangaika kuutafuta, mimi nitapata siku moja ya kumtangulia. Kisha atauona mwenyewe. Hakuna madhara.

Mpango safi. Nimelala vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Upanga umeuzwa.

Kumbe katika mchezo huu kila kinachowekwa kwenye jukwaa hilo huchukuliwa na lori la alfajiri likakiuze! Jonna alinieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mwingine habari ya msiba. Upanga uliopatikana mara moja tu, umeondoka pamoja na maziwa na kabichi. Duka halirudishi.

Kerttu aliuliza nani amefanya. Nilisema huenda ni mbweha, mbweha wana tabia hiyo. Kerttu alisema ndiyo, hata yeye amemwona mbweha huyo: ana miwani, ana fulana ya sufu, na anatoka Karelia.

Chakula cha mchana sikukila chote.

Jumatatu, 17 Juni

Nilioka vipai vyetu, vile vya unga mweusi na wali ndani, na siagi ya mayai juu. Nikampelekea Kerttu sahani nzima. Akavila vyote, akafuta vidole, akasema bado mimi ni mwizi. Lakini alisema kwa sauti laini zaidi.

Jonna ametupatanisha. Bila upanga hakuna anayeweza kufika chini peke yake, hivyo tushuke pamoja, Jumatano, kioo kikiwa kimegawanywa nusu kwa nusu. Atakayeliinua jiwe ndiye mshindi. Kerttu amekubali. Nami nimekubali kwa haraka, maana nimekwisha kupanga: yeye apigane, mimi niinue.

Sasa shanta, mfuko wa mgongoni wa mchezoni. Ina nafasi kumi tu. Nimeipanga kwa uangalifu: mkate mweusi. Viazi vilivyochemshwa. Viazi vya mbegu. Kahawa. Birika. Chumvi. Blanketi. Soksi kavu. Mundu. Na kengele ya Heluna.

Jonna aliuliza kwa nini kengele. Nilimwambia ng'ombe anaweza kupotea. Akasema Heluna yuko zizini. Nikamwambia anaweza kupotea hata hivyo. Heluna wa kwanza, wa mama, alitembea nasi siku nyingi barabarani kati ya mikokoteni, kengele yake imejazwa nyasi laini za msituni isilie, maana ndege za vita zilikuwa zikipita. Asubuhi moja hakuinuka. Kengele mama aliibeba hadi mwisho.



Jumatano, 19 Juni

Tumefika chini. Chini kabisa!

Kwanza niandike jinsi tulivyofika, maana nimejaa fahari. Kerttu alishuka na kisu, buti na shanta nyepesi. Aliruka, alikata, alipiga kelele ukumbini hadi watu wa jikoni wakaja kusimama mlangoni. Lakini nusu ya njia nguvu zilimwisha, mtu wake akawa anayumba. Hana chakula! Nikampa mkate. Ghorofa iliyofuata viazi. Ghorofa baada ya hiyo kahawa, na miguu yake ikapata mabawa. Akaniambia, "Tahvo, kumbe wewe si askari, wewe ni jiko." Nikapokea kama sifa.

Kisha ghorofa ya mwisho. Pango kubwa kuliko kanisa, na katikati jiwe la buluu linaelea juu ya maji, likizunguka, na kila linapozunguka buluu hubadilika: ya ziwa asubuhi, ya barafu ya Machi, ya macho ya mama yangu. Niliisogelea runinga hadi Jonna akanivuta bega. Zimwi la mawe lilikuwa likija. Kerttu akasimama mbele yake na kisu kile kidogo, akanipigia kelele niinue, niinue sasa!

Nikabonyeza. Maneno yakatokea: Shanta imejaa. Tupa kitu kimoja.

Na kinachotupwa pale huanguka shimoni, hakirudi.

"Tupa, bwana wee!" Kerttu alipaza sauti. "Tupa chochote!"

Chochote! Mkate ulibaki mmoja, kiazi cha kuchemsha kimoja, kahawa kikombe kimoja, na njia ya kurudi je? Viazi vya mbegu? Nani hutupa viazi vya mbegu? Blanketi, hapana. Birika bila kahawa si kitu, lakini kahawa bila birika pia si kitu. Kidole changu kilipita juu ya kengele. Hakikukaa hapo.

Zimwi lilimpita Kerttu likanikanyaga.

Kerttu akaliinua jiwe. Katika shanta yake kulikuwa na kisu na nafasi tisa tupu. Tisa! Mtu gani hutoka nyumbani hivyo?

Mtu ambaye nyumba yake bado ipo.

Alhamisi, 20 Juni

Kerttu ataandika jina kesho jioni kabla ya kwenda kwenye moto wa sikukuu kando ya ziwa. Watu wote wataalikwa. Amekwisha kuchagua gauni. Nilimuuliza, kama bila kujali, kama kweli ni Kerttula. Alisema nije nione, na nisilete mbweha.

Sitakubali. Shindano linasema kabla ya Juhannus kwisha jina liwe limeandikwa, vinginevyo lirudiwe. Hii ni sheria niliyoitunga asubuhi hii, lakini ina mantiki.

Rimoti za mchezo hutumia betri. Jonna amelalamika kwamba za akiba zimekwisha. Baada ya chakula cha mchana nimezitoa zote nne. Nimezitia mfuko wa shati.

Rahisi mno. Ajabu hakuna aliyewahi kuwaza hili.

Ijumaa, 21 Juni, mkesha wa Juhannus

Matawi ya mibetula mlangoni. Samaki, viazi vipya na bizari. Jua la jioni halina nia ya kuondoka.

Kerttu alisimama mbele ya runinga kwa gauni la buluu akatoa hotuba. Alisema yeye ameshinda vikombe vingi maishani, vingine bado havijafutwa vumbi. Alisema nyumba ya kwao iko palepale ilipokuwa enzi za babu wa babu yake, jina limeandikwa kwenye sanduku la barua, na mtoto wa kaka yake hulipaka rangi upya kila akikumbuka. Jina hilo halihitaji runinga. Lakini humu ndani kuna mtu mmoja, alisema, mwizi, mbishi, hawezi hata kutupa kiazi. Na jana alimwomba Jonna amtafutie jina la kwao mtu huyo, lilivyoandikwa zamani, asikosee.

Kisha akachukua rimoti ili aandike. Akabonyeza.

Hakuna kitu.

Akachukua ya pili. Hakuna kitu. Jonna akafungua nyuma, akaangalia, akainua macho.

"Tahvo," Kerttu alisema, "mfuko wako umelegea sana leo. Umebeba nini, moyo?"

Nikasimama. Njia kutoka kiti changu hadi mbele ni fupi, nimeipita mara nyingi, leo ilikuwa ndefu kama ile barabara ya mikokoteni. Nilizitoa betri moja moja, nikazitia mkononi mwake. Kicheko kilichofuata, nadhani wamekisikia ng'ambo ya ziwa. Kerttu alicheka hadi akashika mkongojo.

Kisha akaandika. Herufi zikatokea moja baada ya nyingine juu ya lango, na taa ndogo mbili zikawaka kila upande, na Heluna akapita chini yake akiwa hana habari.

HANHINIEMI.

Sikuwa nimeliona jina hilo limeandikwa mahali popote tangu utoto, isipokuwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka kuvua kofia. Sikuwa nimeivaa. Nikabaki nimeweka mkono kichwani.

Jumamosi, 22 Juni, Juhannus

Nimeamka mtu mpya. Hakuna hila tena. Nimeamua.

Jonna anasema kuna mapango mengine chini ya mlima, ya barafu, na mshindi atakipa kijito jina. Tunaanza kesho. Kerttu tayari anasema Kerttujoki. Shanta mpya ni kubwa, nafasi kumi na tano! Nimeipanga mapema: vitu kumi vya awali, kisha msumeno, nyavu, mishumaa, sufuria, na nyasi za kujaza kengele. Imejaa. Silaha nzito nitaikuta hukohuko.

Na nimefanya jambo jema. Kwa mavuno yangu yote ya viazi nimemnunulia Kerttu buti za fedha, nzuri ajabu, zinatoa cheche kila hatua. Nataka azikute asubuhi bila kujua zimetoka kwa nani, kama tulivyofanya kwetu. Kwa hiyo nimeziweka kwenye jukwaa la maziwa.

Najua, najua, lile lori. Lakini kesho ni Jumapili. Kwetu lori la maziwa halikuwahi kuja Jumapili.