Pasi Mbili za Daraja la Kwanza

Bwana Uhakika alikuwa na katoni ya pasi ishirini na mbili chini ya kitanda chake, na hakuwa na shati hata moja linalostahili kunyooshwa. Pasi hizo alizinunua mnadani kwa akili zake timamu, baada ya kusoma ubavuni mwa katoni kwamba ndani mna redio. Alipofika nyumbani na kufungua, akakuta pasi za umeme, nzito, za rangi ya kijani ambayo bila shaka hata kiwanda chenyewe kiliijutia. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuwauzia wengine vitu visivyokuwemo ndani ya katoni, jambo hilo lilimuuma sana, na hakumwambia mtu.

Jina hilo la Uhakika alipewa na mtaa, kwa sababu kila uongo wake aliufunga kwa neno hilo hilo. Nyumba hii haina kesi, uhakika. Gari hili halijawahi kugongwa, uhakika. Wenye akili walipolisikia walishika mifuko yao. Lakini wenye akili huwa wachache, na Bwana Uhakika alimshukuru Mungu kwa hilo kila Ijumaa na kila Jumapili, asije akawa anakosea mlango.

Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la fotokopi akisubiri karatasi ambazo ni afadhali tusizizungumzie, akasikia sauti ya mwanamke nyuma yake. Alikuwa dobi wa mtaa wa pili, mama wa makamo mwenye mikono iliyokomaa, ananukia sabuni na mvuke. Alikuwa akimuuliza mwenye duka kama anajua chochote kuhusu pasi ya treni. Dada yake mkubwa, alieleza, anapoteza macho. Daktari amesema mwaka huu bado ataona, mwakani hawezi kuahidi. Na dada huyo, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ametamani maisha yake yote kuiona milima yenye theluji kupitia dirisha la treni. Sasa huko ng'ambo wanauza pasi, unalipa mara moja na kupanda treni upendavyo. Tatizo ni kwamba pasi zenyewe ziko aina chungu nzima, na kila akizisoma kwenye simu anaishia kuumwa kichwa.

Mwenye duka akasema yeye anajua fotokopi tu.

Bwana Uhakika hakusikia habari za macho wala za dada. Alisikia neno pasi. Akaikumbuka katoni yake, akatafakari jinsi lugha yetu tukufu ilivyowahurumia watu wa kazi yake kwa kuvipa vitu viwili jina moja. Mtu akilipia pasi, akaandikiwa risiti ya pasi, kisha akakabidhiwa pasi, ameibiwa nini hapo?

Akageuka, akaweka mkono kifuani, akajitambulisha kuwa wakala wa pasi za nje.

"Umetumwa na Mungu," dobi akasema.

"Mama, hata mimi naona hivyo."

Kesho yake alifika dobini na mkoba wa ngozi usiokuwa na kitu ndani ila gazeti. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza iliyotandikwa blanketi, mashati yamepangwa kwenye kamba, kila moja na kikaratasi chake cha namba, na pazia mwisho wa chumba. Dobi hakuacha kazi. Alinyoosha huku akiuliza, na hapo ndipo mateso ya Bwana Uhakika yalipoanza, maana mama yule alikuwa na maswali. Pasi ya nchi moja au ya nchi nyingi? Ya siku mfululizo, au ile unayochagua siku zako mwenyewe? Mzee wa miaka sitini na nne anapunguziwa? Treni za kasi zinakubali pasi, au unaongezea pesa?

Bwana Uhakika akasema hayo yote yanajulikana, uhakika, ila lazima kwanza awasiliane na makao makuu. Makao makuu yakawa kompyuta ya tatu kutoka mlangoni kwenye duka la intaneti. Alisoma siku nne. Shuleni hakuwahi kusoma siku nne, hata ukijumlisha miaka yote. Alisoma ratiba, alisoma masharti, alisoma malalamiko ya abiria waliochagua vibaya, na usoni akaanza kupata ile haiba ya mtu anayejua anachosema, kitu kigeni kabisa kwake.

Ikawa kila alipokwenda dobini alikuwa na la kueleza, na kwa bahati mbaya alieleza ukweli tupu. Alimshauri dobi aachane na pasi ya nchi nyingi, maana milima yote anayoitaka dada yake iko katika nchi moja. Siku mfululizo zisimshawishi, dada anaumwa magoti na atahitaji kupumzika. Achukue ya siku kumi na tano ndani ya miezi miwili. Wachukue daraja la kwanza, madirisha ni mapana na viti haviumizi. Treni za kasi waziache, zinapita mlimani kwa mahandaki na dada ataona giza tu. Wapande zile za polepole, na wakitoka mji wa ziwani wakae upande wa kushoto.

"Kwa nini kushoto?" dobi akauliza.

"Kulia kuna ukuta wa mawe, mama. Kushoto ndiko kuna mlima."

Dobi akashusha pumzi. Alisema pasi sasa ameielewa, lakini kuondoka ndiko kunakomshinda. Mwezi mzima nani atanyoosha? Mteja wake mkubwa hataki kusikia habari ya kufunga, nguo zikichelewa siku moja anahamia kwingine, na wanyooshaji aliowauliza wanataka malipo ya kutisha kisha wanaunguza kola. Asipopata mtu, dada yake ataisikia theluji kwenye hadithi za watu. Alisema hivyo na machozi yakamlengalenga, akajifanya ni mvuke.

Bwana Uhakika alimpa pole, kisha upesi akataja bei kabla huzuni haijamfunga mama mkoba. Ilikuwa bei nafuu, kwa kuwa tapeli mzoefu huuza chini ya makampuni. Dobi aliposikia alibaki ameinua pasi hewani, midomo ikihesabu. Akauliza tena ni kiasi gani. Akatajiwa tena. Akasema atalipa, na risiti iandikwe.

"Tuandike pasi tu," Bwana Uhakika akasema akitoa kalamu. "Hili neno treni lina ushuru wake."

Dobi akaitazama karatasi kwa muda. Huyu alikuwa mtu aliyeshika pasi mkononi miaka ishirini na sita, na neno lile lilipoandikwa peke yake, bila treni pembeni, lilimletea picha moja tu kichwani. Akamtazama Bwana Uhakika, akaitazama tena karatasi.

"Sawa, mwanangu. Ila andika na masharti yote, kama ulivyonifundisha. Nisije nikasahau."

Hapo mtu mwerevu angeaga. Lakini siku nne za elimu zilikuwa zimemlevya Bwana Uhakika, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa kujivuna, kila sharti mahali pake, hata yale ambayo dobi hakuyauliza. Jina la mteja hakuliandika, kwa tahadhari, asije akajitafutia kesi mwenyewe. Chini akaandika jina lake, na dobi akamletea kidau cha wino akaweka na dole gumba. Alitoka akipiga mluzi, pesa mfukoni.

Siku ya makabidhiano alikuja na pasi mbili za kijani zimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Alikuwa ameuandaa uso wake nyumbani mbele ya kioo: mshangao kidogo, masikitiko kiasi, halafu risiti. Dobi akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akazipima uzito mkononi, akachungulia waya.

"Za kijani," akasema.

"Mama, risiti imesema pasi, na hizo ni pasi. Kama ulikuwa na wazo lingine moyoni, mimi sikuliona kwenye karatasi."

Dobi hakulia wala hakupandisha sauti. Aligeukia kule kwenye pazia. "Afande, njoo mara moja unisomee kitu, miwani yangu siioni."

Pazia likafunguka, akatoka mtu mpana amevaa fulana na taulo, soksi ameshavaa. Alikuwa sajenti wa kituo cha polisi. Kituo kizima kilifuliwa na dobi yule, ndicho kilichokuwa yule mteja mkubwa, na sajenti kila asubuhi alisubiri sare yake nyuma ya pazia kwa kuwa hakuamini shati lililonyooshwa jana. Bwana Uhakika aliangalia mlango. Mlangoni alikuwa amesimama konstebo na furushi la nguo chafu.

Sajenti akaipokea risiti, akaisoma kwa sauti ile ya kusomea mashtaka.

"'Nimepokea malipo ya pasi mbili za daraja la kwanza.' Ndizo hizi?"

"Ndizo, afande. Uhakika."

"Za nguo? Maana nilisikia habari ya treni humu ndani."

Bwana Uhakika akapiga hesabu. Akisema za treni, basi amemtapeli mama wa watu mbele ya sajenti mwenye taulo, na taulo halimpunguzii mtu cheo. "Za nguo, afande. Treni sijaiandika popote."

"Kweli, hujaiandika. Tuendelee. 'Kila pasi itatumika siku kumi na tano ndani ya miezi miwili, siku atakazochagua mteja.' Itatumiwa na nani?"

"Teremka kidogo, afande," dobi akasema. "Lipo."

"'Mwenye jina hapa chini ndiye peke yake atakayeitumia. Haruhusiwi kumpa mtu mwingine.'" Sajenti akateremsha kidole mpaka chini ya karatasi. "Naona jina moja tu, na dole gumba."

"Afande, hayo ni masharti ya treni."

"Umeniambia sasa hivi si za treni. Sasa nikuandikie maelezo gani, ya kwanza au ya pili?"

Sajenti akaendelea kusoma, na kwa kila mstari Bwana Uhakika alizidi kuutambua mwandiko wake mzuri. Siku ya matumizi huanza saa sita usiku na kwisha saa sita usiku; dobi akasema hapo atamhurumia, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni inatosha. Idadi ya safari kwa siku haina kikomo, ambayo sajenti aliitafsiri kuwa ni mashati. Siku isiyotumika hairudishiwi pesa.

"'Bei hii haihusishi kiti,'" sajenti akasoma. Akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Utasimama, ndugu yangu."

"Siku kumi na tano?"

"Kila pasi, kumi na tano. Zipo mbili. Hesabu siyo kazi yangu, lakini naona thelathini."

Dobi alikuwa ameshachomeka moja ya zile pasi za kijani kujaribu joto. Alieleza taratibu kwamba ile bei nafuu aliyotajiwa ndiyo aliyokuwa amejiwekea kumlipa mnyooshaji wa mwezi, na kwamba hata angetafuta nchi nzima asingepata anayekubali kiasi hicho na kuja na pasi zake. Za treni walishanunua Jumatatu, yeye na dada yake, kwenye ofisi yenyewe ya reli kwa simu: nchi moja, siku za kuchagua, daraja la kwanza, mzee kapunguziwa. Hawakukosea hata kipengele kimoja.

"Nakushukuru sana, mwanangu," akasema. "Ndege yetu ni Alhamisi. Kola unaanzia nyuma, siyo mbele."

Sajenti akaongeza kwamba vijana wake hupita pale asubuhi na jioni, na siku watakayotoka na mashati yenye mikunjo kituo kizima kitajua nani atafutwe. Kisha akarudi nyuma ya pazia kusubiri suruali.

Tusimcheke sana Bwana Uhakika. Siku ya kwanza aliunguza kola tatu na kidole. Siku ya nne alijifunza kunyunyiza maji kwa ncha za vidole. Ilipofika siku ya tisa aliweza kuweka mstari wa suruali ulionyooka, na mara moja alijikuta amerudi nyuma hatua moja kuutazama, akaona haya akaendelea na kazi. Miguu ilimvimba. Konstebo mmoja alimwita fundi, na hakuwa anatania.

Asubuhi ya siku ya tisa hiyo hiyo simu ya dobini ililia. Bwana Uhakika akaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye suruali ya sajenti. Hakuwa dobi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake mlio wa magurudumu.

"Wewe ndiye kijana wa pasi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mdogo wangu kaniambia wewe ndiye uliyetuchagulia. Tumekaa kushoto kama ulivyosema. Mwanangu, naona. Naona mlima wote mpaka juu. Pale tuliposimama nimeona hata nyayo za ndege kwenye theluji, vidole vitatu vitatu. Sikudhani macho yangu bado yanaweza."

Bwana Uhakika alifungua mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa na neno kwa kila mtu, neno la mjane, la hakimu, la mwenye nyumba, na sasa alitafuta moja la huyu mama na hakulipata. Mzee akaendelea kusimulia, kuna nyumba ndogo yenye paa jekundu, kuna ng'ombe amevaa kengele, kuna mto wa rangi ambayo hajui ataiitaje, na yeye akawa anasikiliza, mkono umelala pale pale kwenye suruali.

Moshi ukaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye pazia.

"Nini hicho kinaungua?" sajenti akauliza kutoka nyuma.

Ilikuwa suruali yake, na ndiyo pekee aliyokuja nayo.

"Subiri kidogo, afande," Bwana Uhakika akasema, amefunika simu kwa kiganja. "Mama hajamaliza kuona."