Tundu la Kupumulia

Jumatatu, 7 Oktoba

Namshukuru Mungu kwa kuniumba fundi. Saa nne asubuhi kaingia dukani Bi Mwantumu wa Mtua, kifurushi kakibana kifuani. Kanga, ndani ya kanga mfuko, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha DVD moja. Ya harusi ya binti yake Hajra, miaka kumi na miwili iliyopita. Humo marehemu mumewe, Mzee Ramadhani, anasimama kumpa binti nasaha. Hakuna pengine popote sauti yake ilipobaki. Jumamosi ni dua ya mwaka mmoja. Hajra anakuja kutoka Ruangwa na mtoto wa miaka minne, ambaye haikumbuki sauti ya babu yake. Bi Mwantumu anataka iwekwe kwenye flashi, waisikilize wote.

Kwa nini kaja kwangu, asiende kwa Harithi ng'ambo ya barabara, mwenye bango kubwa? Kasema kwa Harithi kuna foleni. Nikaishukuru foleni. Nikamwambia mimi fundi mwenye cheti. (Ninacho. Cha kuchapa barua.)

Nikaiweka DVD, trei ikaingia, umeme ukakatika. Uliporudi nikabonyeza kitufe. Trei haitoki! Nabonyeza tena, inaguna tu. Bi Mwantumu kauliza kile kitundu kidogo chini ya trei ni cha nini. Nikamjibu bila kupepesa macho: cha kupumulia. Kaitikia vizuri tu, kasema basi ipumue, atarudi Alhamisi.

Siku tatu! Mwenye cheti hahitaji hata moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Trei imegoma. Nimeizaba CPU makofi mawili, moja kulia moja kushoto, isije ikaona upendeleo. Wapi! Nikaiinua nikaitikisa. Kuna kitu kimelia ndani ambacho jana hakikulia. Nimeirudisha mezani taratibu.

Mchana nikang'amua: vumbi. Malori ya korosho yanapita mbele ya duka kutwa nzima kwenda ghalani, na vumbi litaingilia wapi kama si kwenye tundu la kupumulia? Jana nilisema kwa kubahatisha, kumbe nilisema kweli. Mashine ina mafua! Nimeliziba kwa selotepu, mara tatu.

Harithi kavuka barabara, mikono mfukoni, anauliza kama nimekwama. Nikamwambia mashine imepumzika. Kasema kama ni trei, kwake ni kazi ya nusu dakika. Nusu dakika! Majigambo hayo. Anataka aingie kwangu, afungue mbele ya wateja wangu, halafu Nachingwea nzima itaje jina lake. Nimemshukuru sana, nikamsindikiza hadi katikati ya barabara.

Jumatano, 9 Oktoba

Mke wangu Goreti alikuwa uani anachoma korosho. Nikayaona mafuta ya maganda. Hapa kwetu nguzo hupakwa hayo zisiliwe na mchwa. Nikawaza, kitu kinachomshinda mchwa kitashindwaje na trei? Goreti kasema yanababua, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikamwambia yeye anajua korosho, mimi najua kompyuta.

Nikapaka pembezoni mwa trei kwa kidole. Kidole kilipoanza kuwaka nikabadilisha kingine. Halafu kingine. Halafu nikajikuna jicho.

Vidole vitatu vimevimba. Jicho la kulia limefunga kabisa. Mafuta yameganda kwenye trei, yananata kuliko gundi. Goreti kanipaka mafuta ya nazi bila kusema neno. Namshukuru mke wangu. Neno moja tu lingeniuma kuliko hizo korosho. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Asubuhi Bi Mwantumu kapiga simu, kapata udhuru, atakuja kesho baada ya swala. Alhamdulillahi, nikasema, na mimi Mkatoliki.

Nikapata wazo safi. Mzee Swalehe! Ni mtani wa marehemu. Siku ya msiba alivaa kofia ya Mzee Ramadhani, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani. Nikamfuata sokoni, nikamwomba aseme nasaha za harusi kwa sauti ya marehemu kwenye simu yangu. Nikadai ni kumbukumbu. Kanitazama kitambo, kakubali. Kwa jicho langu moja sikuweza kusoma alichokuwa anawaza.

Dakika sita. Sauti ileile! Kikohozi kilekile! Nilisikiliza mbili za mwanzo tu, akaingia mteja wa fotokopi. Nimeihamishia kwenye flashi. Kesho nitasema picha imeharibika, imebaki sauti.

Moyo umenisuta kidogo. Nikauambia mtoto wa Hajra hatajua tofauti. Haukunyamaza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jamani!

Bi Mwantumu kafika, shikamoo, marahaba mwanangu, jicho lina nini? Nikasema vumbi. Kakaa kwenye benchi, nikawasha sauti. "Hajra mwanangu," ikaanza, na kikohozi. Mama wa watu kajiziba mdomo kwa kanga. Nikatamani sakafu inimeze.

Dakika ya nne sauti ikabadilisha mada. Ikasema mimi Ramadhani, kabla sijafa, nakiri kwamba jogoo wa mtani wangu Swalehe nilimla mimi, nikamsingizia kicheche, na namwagiza mke wangu amlipe jogoo wawili, wanono.

Bi Mwantumu kaishusha kanga mdomoni. Halafu kacheka. Kacheka mpaka kateremka kutoka kwenye benchi, kakaa chini. Swalehe huyo, kasema, hata kaburini hamwachi mwenzie! Kajifuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha kauliza kwa sauti ya chini: sasa mume wangu yuko wapi?

Nikamwonyesha CPU. Nikasema yote. Makofi, selotepu, korosho, Swalehe. Hata cheti. Nikamwambia nisamehe mama, naogopa nimempoteza mzee.

Hakunigombeza. Kainama, kabandua selotepu, kachomoa pini kwenye mtandio wake. Kasema laini kwenye simu ya Hajra inatolewa hivihivi. Kaiingiza kwenye tundu la kupumulia, kasukuma. Krrk! Trei ikachungulia kiasi cha ukucha, ikanata. Tukaivuta wote wawili, mimi kwa mkono mzima. DVD salama! Haina hata mkwaruzo. Kaibusu.

Tukapangusa mafuta, tukairudisha, ikasoma. Mzee Ramadhani huyo kwenye kioo, kakonda, koti kubwa, anakohoa. Anamwambia binti yake: ukikosea, sema umekosea upesi, uendelee kupika. Hayo tu, akakaa. Nimelia kwa jicho moja, la pili lilikuwa bado limefunga.

Nikampa flashi yake, yenye Ramadhani wa kweli na yule wa Swalehe, maana kaitaka na hiyo. Kaniachia pini. Kasema utaihitaji, mwanangu. Sijapewa zawadi kama hii tangu kipaimara.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimealikwa kwenye dua Mtua. Pilau ya haja. Baada ya dua tukakaa, Swalehe naye na kikohozi chake, mbele ya televisheni ya jirani. Mtoto wa Hajra kamtazama babu yake mpaka mwisho, kisha kasema babu anakohoa kama Mzee Swalehe. Watu hoi! Hajra alikuwa analia na kucheka. Swalehe kadai jogoo wawili, kapewa mmoja. Nilijiona mwenye bahati kuliko watu wote wilayani.

Harithi naye alikuwepo. Kauliza nani aliyeifungua trei. Nikasema mimi. Bi Mwantumu kanitazama, katabasamu, kaniongeza nyama. Mungu ambariki. Harithi kasema kuna mpira mdogo ndani umelegea kwa uzee, niubadilishe, la sivyo itakwama tena. Nikamshukuru. Wivu tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetundika bango: BINGWA WA TREI. Kubwa kuliko la Harithi. Jicho limefunguka, vidole vinaota ngozi mpya, nashukuru kwa vyote.

Saa tatu kaja Letisia, mwenyekiti wa kwaya kutoka Matambarale. Kaleta DVD yao ya jubilei, nakala pekee. Nikabonyeza kitufe ili niipokee. Trei haitoki.

Sikushtuka hata kidogo. Ninayo pini ya Bi Mwantumu. Jumapili niliificha Harithi asije akaiona, nikaiweka mahali salama kuliko pote humu dukani: juu ya trei, nikaifunga.

Kutumia pini nyingine? Hapana. Ile ndiyo iliyozoeana na mashine.

Harithi kasimama mlangoni kwake, ananitazama. Nimempungia mkono. Letisia kauliza kile kitundu kidogo ni cha nini. Nimemwambia cha kupumulia, arudi Ijumaa.