Sikio la Kushoto la Panya wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Roho juu! Saratani ya shangazi yangu, aliyenilea, imefika kwenye chumba cha panya ninachofagia. Namba ya faili ni ileile ya kadi yake. Kipande cha uvimbe kimepandikizwa kwa panya wawili: mmoja dawa, mwingine maji tu. Dawa inalenga uvimbe wa aina yake pekee. Ikimfaa panya, shangazi ataanzishiwa. Ikimkondesha, basi tena. Akonde mbele ya macho yangu? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi
Nimeingiza karanga ndani ya soksi. Panya wa dawa amekatwa alama sikio la kushoto, wa maji la kulia. Nimemtazama usoni nikahakikisha. Amekula tano. Miwani, mfagiaji wa chumba cha pili, kauliza mbona nachechemea. Mbea huyo!

Ijumaa, 14 Machi
Panya wangu kanenepa, lakini uvimbe nao unakua! Wa yule wa maji unasinyaa. Maji yanatibu saratani? Nimemwongezea karanga kumi.

Jumatatu, 17 Machi
Mtafiti mkuu kaniita. Kauliza kwa nini panya wa maji kanenepa hivyo. Wa maji? Nikasema alama iko kushoto. Kasimama mbele yangu, kanivuta sikio la kushoto, kauliza kwake liko upande gani. Loo! Kushoto kwangu ni kulia kwa panya. Nimekiri yote, hadi soksi. Kasema dawa inaonekana kufaa, ila hawajui kama inakondesha, maana panya wa kulinganisha uzito nimemnenepesha. Wataanza upya na panya wengine, wiki mbili. Shangazi asubiri wiki mbili kwa sababu yangu! Nimelia chooni. Miwani kanipenyezea karatasi ya kufutia machozi chini ya mlango. Aibu juu ya aibu.

Jumatano, 2 Aprili
Dawa imefaa! Shangazi anaanza kesho. Mimi nimehamishiwa kuosha vizimba vitupu. Sawa tu. Nimeapa sitagusa tena uzito wa mtu wala panya.

Jioni shangazi kasema atapimwa kila Ijumaa. Akikonda sana, dawa inasimamishwa. Nimemtafutia mawe mawili ya kuweka kwenye sweta. Kaonya mfuko wa kulia umetoboka. Asiwe na wasiwasi. Nimeyatia wa kushoto. Nilimsimamisha, nikamtazama usoni, nikahakikisha.