Minti Yangu Ilivyokataliwa Spring Valley

Leo nimeaibishwa na majani.

Mnajua vile nimewasumbua humu na picha za minti. Kilimo cha kisasa, nikawaambia. Nilikuwa nimemsikiliza yule mwalimu wa mtandaoni, mwenye kofia pana na gambuti safi kama sahani, anayesema minti haitaki kazi. Hapo hakudanganya. Inaota yenyewe mpaka ikuzike. (Mbona nilidhani kitu kinachoota hivyo kitakuwa adimu sokoni? Na mimi nilisomea biashara.)

Shamba ni la dada yangu Nekesa, kipande nyuma ya nyumba yake huko Kikuyu. Alikuwa na sukuma wiki ya kuuza. Nikamshawishi aing'oe yote.

Asubuhi nikavuna, nikainyunyizia maji ikae fresh, nikaishindilia kwa magunia ya nailoni na kuifungia kwa buti ya gari. Jua kali, jam ndefu. Nikafika mkahawa mmoja Spring Valley, mtaa wa matajiri wa Nairobi, nimevaa blazer (ya kuuzia majani!). Mpishi mkuu, mtu mpole, akauliza kama nitaweza kuleta kila wiki. Badala ya kujibu, nikamhutubia kuhusu ubora, na vile wakulima wengine huuza takataka. Kisha nikafungua gunia mbele ya jikoni nzima.

Mvuke ukatoka. Majani yalikuwa meusi, yameshikana kama mboga ya juzi. Yalinuka soksi.

Nikasema ni aina ya kutoka nje. (Ndiyo. Kwa mdomo wangu.)

Mpishi hakubishana. Akanipeleka nyuma, penye mfereji unaovuja. Minti ilikuwa imejaa hapo, kijani kibichi, mpaka inapanda ukuta.

"Madam, hii huwa tunafyeka tunatupa," akasema. "Ukitaka, beba."

Wapishi wote walikuwa wametoka kuangalia. Nami, kwa akili zangu timamu, nikabeba.

Nikaipeleka Kenyatta Market kwa muuza nyama choma. Akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya kufukuza mbu.

Nekesa ameniona nikirudi na minti nyingi kuliko niliyoondoka nayo. Ameenda kwa jirani kununua sukuma, na sasa anaikatakata.

Naomba mcheke kimyakimya. Niko naye hapa jikoni, na kisu anacho yeye.